Mkono wa Nane

Wameniomba bahari. Kurasa mbili zinazotazamana,
pweza katikati, na mtoto atakayesoma
ahesabu mikono yake kwa kidole.
Sawa. Nimejaza maji kikombe cha plastiki,
nimefungua dirisha: ukuta wa jirani, kamba ya nguo,
na nyuma ya mabati lile bomba refu la kiwanda.
Katuba haina bahari hata ya kuazima.

Ya kwetu ilikuja kwa gunia.
Mama aliuza makayabo soko la Kenya,
samaki bapa, wagumu kama ubao wa mlango,
weupe kwa chumvi, wasio na vichwa;
ndiyo maana hadi darasa la nne
kila samaki niliyemchora alianzia shingoni,
na mwalimu Kapend akauliza:
huyu macho yake ameyaacha wapi?
Sikujua samaki anazaliwa nayo.

Usiku, Mama akishalala, mimi na Kabange
tulivuta mkono wake nje ya kitenge
tukalamba vidole, kimoja wewe, kimoja mimi,
mapacha wawili tukinywa pwani.
Wakati mwingine alikuwa macho.
Aliacha tu.

Buluu imeniishia, na umeme umekatika tangu saa tisa.
Nimechukua malakiti ya Baba,
kipande alichotoka nacho kazini, mfukoni, bila kuulizwa,
chenye mistari inayozungukana.
"Oneni, mawimbi haya yaligeuka jiwe," alisema,
yeye ambaye maji makubwa ya mwisho aliyoyaona
ni Mweru, akiwa mgongoni kwa mamake.
Nimekisaga kwenye kinu cha pilipili.
Kijani kinawasha pua. Bahari yangu inapiga chafya.

Basi nimewachora: kaa anayetembea
kama mlevi wa Jumamosi akikwepa mtaro,
konyeza mwenye pindo la gauni la komunyo,
mkunga aliyejificha asidaiwe kodi,
na samaki, wote na vichwa, wote na macho,
wengine macho mawili upande mmoja,
ili mwalimu Kapend alale kwa amani.
Pweza nilimchora mwisho, mkono ukienda wenyewe.

Asubuhi mhariri amepiga simu.
"Kyungu, picha nzuri sana. Ila pweza wako ana mikono saba."
Nimehesabu. Saba.
Nimehesabu tena, kwa kidole.

Ukuta wa nyumba yetu, upande wa jikoni.
Tuna miaka minane na kipande kimoja cha makaa,
tunapokezana: yeye upande wake, mimi wangu,
minne kwa minne, ndivyo tulivyokubaliana.
Yangu ilikuwa tayari. Yeye alikuwa anamalizia wa tatu
Mama alipoingia na kapu kichwani.
Tulipigwa sawasawa, bila upendeleo.
Ukuta ulisuguliwa nusu tu; sabuni ilikuwa ghali.
Miaka yote ile mnyama yule alikaa pale na saba zake
akitutazama tukila bukari,
na hakuna aliyemwuliza kitu.

Nimempigia Kabange. Yuko Durban, analinda makontena.
Nimemwambia: wewe, una deni la mkono.
Amecheka hadi simu ikakatika, akapiga tena.
Nikamwuliza bahari ni ya rangi gani.
"Sijui, dada. Zamu yangu ni ya usiku.
Miaka mitatu sasa. Naisikia tu.
Lakini upepo ukitoka kule,
inanuka kitenge cha Mama."
Tukanyamaza, dakika za simu zikiliwa.

Nimechovya brashi.
Nafasi ipo, kushoto, upande wake.
Kijani kimebaki kidogo, kiasi cha mkono mmoja
usio mnene.
Mhariri atasubiri. Kabange anatoka saa kumi na mbili;
amesema kesho hatapanda basi moja kwa moja,
atashuka kwanza mpaka ufukweni, aangalie vizuri,
kisha aniambie
unapinda kuelekea wapi.